Kirekebishi cha mtutu au risasi za daraja la juu kwa bunduki ya .22?

Mlengaji50:
Ndugu zangu, nina uamuzi wa kufanya kabla msimu wa mashindano haujaanza. Fedha nilizoweka zinatosha kitu kimoja tu: ama kirekebishi cha mtutu, yaani ule uzito wenye pete ya kuzungusha unaofungwa mdomoni mwa mtutu, ama akiba ya risasi za daraja la juu. Bunduki yangu hupiga vizuri, lakini karibu kila kundi la risasi tano huwa na moja inayotoroka peke yake. Kipi kitanifaa zaidi?

FundiChuma:
Ndugu, hujatupa pa kuanzia. Unapiga umbali gani, umelala au mezani? Mtutu wako ni mnene au mwembamba? Na hiyo risasi inayotoroka huelekea wapi: juu, chini au pembeni? Ukilijibu hilo la mwisho, nusu ya kazi imekwisha.

Mlengaji50:
Niwieni radhi. Ni mita 50, mezani, juu ya mifuko ya mchanga. Mtutu ni mnene na mdomo wake haujachongwa hesi, yaani mifereji ya kufungia kitu kwa kuzungusha. Risasi hutorokea chini mara nyingi, kulia mara chache.

FundiChuma:
Basi nakushauri ununue kirekebishi cha kubana kwa skrubu. Risasi ya .22 hutoka kwa mwendo wa takriban mita 325 kwa sekunde, na risasi mbili zikipishana kwa mita 10 tu kwa sekunde, ile ya polepole hupiga chini kwa kama milimita 7 kwenye umbali wako. Kipenyo cha duara la kumi kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 50 ni milimita 10.4, kwa hiyo pengo hilo si dogo hata kidogo. Sasa, mtutu hutikisika juu na chini risasi ikiwa bado imo ndani. Ukiusogeza ule uzito mpaka risasi iwe inatoka wakati mdomo unapanda, ile ya polepole, kwa kuwa huchelewa kutoka, itaukuta mdomo umeinuka kidogo zaidi, na zote mbili zitakutana shabahani. Kumbuka tu kwamba marekebisho ya mita 50 hayatafaa mita 100.

TuliaKwanza:
Nadharia hiyo ni sahihi, lakini naomba nieleze yaliyonipata. Nilifunga kirekebishi, nikazungusha pete alama moja baada ya nyingine kwa siku mbili, mpaka nikapata mahali ambapo matundu matano yaligusana na kuwa tundu moja. Wiki iliyofuata, pete ikiwa palepale, matundu yalitawanyika. Nikaanza upya, nikamaliza masanduku matatu, nikabadilisha darubini, nikalaumu upepo. Mwishowe nilichora mstari wa penseli kutoka kwenye kirekebishi hadi kwenye mtutu, nikapiga risasi ishirini, nikatazama kwa kioo cha kukuzia: mstari ulikuwa umekatika, nusu moja imesogea upana wa ukucha. Skrubu ya kubana ilikuwa ikilegea kidogo kidogo kwa kila mshindo. Muda wote huo nilikuwa napima kitu kinachotembea.

HesabuKwanza:
Hata kama skrubu isingelegea, namna hiyo ya kupima ina kasoro. Mtu akijaribu alama ishirini, kundi moja la risasi tano kwa kila alama, lazima mojawapo litakuwa dogo kuliko mengine, hata pete ikiwa haifanyi kazi yoyote. Chukua alama mbili tu, upige makundi kumi kwa kila moja, na mwenzako ndiye azungushe pete bila kukuambia iko wapi.

FundiChuma:
Ndugu Hesabu, hizo ni risasi mia moja kwa alama mbili tu. Kabla hujamaliza, upepo umebadilika na mtutu umechafuka, kwa hiyo utakuwa umepima hali ya hewa.

HesabuKwanza:
Ndiyo maana alama hubadilishwa kwa zamu, kundi kwa kundi, ili upepo uziathiri zote mbili sawasawa. Anayepiga risasi tano na kutangaza ushindi hajapima chochote.

MamaShabaha:
Wanangu, mbona mmelisahau fungu la risasi, yaani zile zilizotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja? Masanduku mawili ya jina moja, yenye namba tofauti za fungu, yanaweza kupiga kama risasi za viwanda viwili. Watengenezaji wa risasi Eley na Lapua wana sehemu maalumu ambako mpigaji hupeleka bunduki yake na kujaribu mafungu mbalimbali kabla ya kununua. Kirekebishi hupunguza makosa ya risasi nzuri. Risasi mbovu hakiiponyi. Mlengaji50, namba za fungu lako ni zipi?

Mlengaji50:
Mama, nimetoka kuyaangalia masanduku sasa hivi. Namba ni mbili tofauti, nami nilikuwa nikizimimina risasi zote kwenye kibao kimoja. Kesho nitazitenganisha na kupiga tena. Je, nisafishe mtutu kati ya fungu na fungu?

TuliaKwanza:
Usisafishe. Mtutu uliosafishwa huhitaji risasi kadhaa kabla haujatulia, kwa sababu ya ile nta inayopakwa kwenye risasi.

FundiChuma:
Mimi husafisha kila mara, kisha hupiga kumi za kuutuliza bila kuzihesabu.

MamaShabaha:
Kumi ni chache. Kwenye mtutu wangu hata kumi na tano hazitoshi.