Nimeuziwa farasi bahari "mwenye mimba" hapa Dar, kumbe tumbo limejaa hewa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Februari hii niliingia duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar, jina kapuni maana sitaki kesi, nikitafuta chujio la tangi langu la maji baridi. Kwenye kona kulikuwa na farasi bahari wawili wameshikana mikia. Aliyewahi kuwaona hai ananielewa: kichwa cha farasi, mkia wa kinyonga, jicho moja linakutazama wewe na lingine linatazama mlangoni. Nilikwisha hapo hapo.

Wametoka wapi? "Sri Lanka bosi, wamezaliwa tangini hawa, aina ya reidi." Wanakula nini? "Chochote. Chukua hiki kikavu cha samaki wa dhahabu, kinawatosha." Huyu mbona tumbo kubwa? "Dume huyo, ana mimba. Kwa hawa baba ndiye anayezaa. Utapata watoto bure."

Sasa hilo la baba kuzaa ni kweli. Jike anatia mayai kwenye mfuko wa dume, dume anayatunza mpaka yanaanguliwa, kisha anawatoa watoto mwenyewe. Nilikuwa nalijua, ndiyo maana na mengine nikayameza. Ukweli mmoja ukichanganywa na uongo wa aina tatu, vyote vinateremka kama uji. Na kwa ajili ya hiyo mimba akaniongezea Sh 50,000 juu ya bei.

Nikatoka na mzigo wa Sh 420,000: farasi wawili, paipufishi mmoja (yule ndugu yao mwembamba kama njiti, mwenye mistari), tangi la lita 60, chupa ya bakteria na, wallahi, hita. Hita ya kupashia maji, Dar es Salaam, Februari! Mtu mzima nikalipa na kusema asante.

Maji nikaambiwa nichote Coco Beach na samaki niwatie jioni ile ile. Wanaofuga wameshashika kichwa. Tangi jipya la maji chumvi linahitaji wiki nne hadi sita hivi bakteria wajijenge, wageuze amonia, ile sumu ya kinyesi, kuwa nitraiti na kisha nitreti. Kabla ya hapo samaki anaogelea kwenye mkojo wake. Chupa ile ingesaidia kidogo, si kwa saa tatu.

Paipufishi hakufika Jumatatu. Pampu ya dukani haikuwa na sponji mdomoni, nikamkuta amenata pale kama uzi kwenye tundu la sinki.

Farasi nao hawakula. Vile vipande vikavu vilikuwa vinapita mbele ya pua zao, wanavitazama, vinaenda kuoza chini. Nilichojifunza baadaye, tena kwa kusoma usiku kucha, ni kwamba farasi bahari hana meno wala hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anachomeza kinapita upesi, kwa hiyo anatakiwa ale mara kadhaa kila siku. Anavizia, anasogeza ule mdomo wa bomba, anavuta. Aliyetolewa baharini anajua chakula ni kile kinachotikisika. Aliyezaliwa tangini kweli hufundishwa tangu mdogo kula uduvi wa barafu, ndiyo maana wazoefu humwambia muuzaji amlishe samaki mbele yao kabla ya kutoa hela. Mimi nilitoa kwanza.

Siku ya nne dume akaanza kuelea, mkia juu. Nikajua uchungu umeanza! Mama watoto akaniletea kiti, tukakesha jikoni, simu imeelekezwa kwenye kioo tuwarekodi watoto wakitoka. Hakutoka hata mmoja. Kulipokucha nikamwona vizuri. Alikuwa anajisukuma chini kwa lile pezi dogo la mgongoni, anafika nusu ya tangi, anashika tawi la plastiki kwa ncha ya mkia, mkia unateleza, anapanda tena juu kama kizibo. Anashuka tena. Hivyo hivyo mpaka mchana. Siku ya sita akafa.

Ile "mimba" ilikuwa hewa. Ni ugonjwa unaojulikana kwa farasi bahari wa matangini, viputo vinajaa kwenye mfuko wa dume au chini ya ngozi. Wazoefu hukamua ile hewa taratibu, na wengine hutumia asetazolamaidi, dawa ile ile wanayomeza wapanda Mlima Kilimanjaro wasiugue kwa kimo. Yaani dawa ya watalii wa Moshi ingeweza kumsaidia samaki wangu, na mimi nimekaa na simu nasubiri watoto.

Kilichonichemsha zaidi ni jirani yangu, mzee aliyevua Kunduchi miaka mingi. Alikuja kunipa pole. Nikamwamkia, akaitikia, akainama kwenye kioo kumtazama jike aliyebaki.

"Huyu mbona wa kwetu, mwanangu? Hawa tunawakuta kwenye juya, wamejishikilia kwenye majani ya bahari. Tunawatupa tu."

Nikarudi kwenye picha. Reidi anatoka Atlantiki, pande za Brazili na Karibea, na mwili wake hauna miiba mirefu. Wangu ana miiba kama mbigili kuanzia kichwani mpaka mkiani. Ni aina nyingine, histriksi, aliyeko bahari yetu hii hii ya Hindi. Sri Lanka gani hiyo?

Jumamosi nikarudi dukani. Nikamwambia kama walitoka nje ya nchi, nionyeshe karatasi. Farasi bahari wote, kila aina, waliingizwa Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 2002, na masharti yakaanza kutumika Mei 2004. Kuwavusha mpaka kunahitaji kibali. Akacheka, akamgeukia dogo wake: "Bosi amekuja na sheria leo." Kisha kwangu: "Kaka, samaki ni kama maua, yananyauka. Ulimtunza vibaya."

Sawa, nilimtunza vibaya, sikatai. Nilinunua kwanza nikasoma baadaye. Tangi lenyewe fupi, wakati kimo cha maji kinatakiwa kiwe angalau mara tatu ya urefu wa samaki. Ila nani aliniambia linatosha? Na ile Sh 50,000 ya mimba ni ya nini? Ugonjwa ameniuzia kwa bei ya ziada!

Najua atatokea wa kuniambia niende soko la samaki la Feri ninunue samaki aina ya changu nikaange. Hewala. Na atatokea wa kuuliza mbona bahari yetu ina joto na wanaishi. Wanaishi kwa sababu bahari haijafungiwa kwenye lita 60. Tangini maji yakifika nyuzi 30, bakteria wabaya, hasa vibrio, wanazaliana kupita kiasi, na farasi bahari ni mwepisi kushambuliwa nao. Ndiyo maana wafugaji huwaweka kwenye nyuzi 22 hadi 24. Mashine ya kupoza maji sina hela yake. Nimefunga feni ya mezani juu ya tangi, imeshusha mpaka 27, lakini maji yanakauka na chumvi inabaki, kwa hiyo kila asubuhi najaza maji ya kunywa, si ya bahari. Umeme ukikatika natia chupa za barafu. Ile hita nimeweka juu ya kabati. Anayeitaka aje aichukue, labda yuko Njombe.

Jike bado yuko hai, wiki ya tano hii. Vikavu hagusi, uduvi wa barafu anautazama tu. Anakula uduvi hai, basi. Kina mama wanaotanda uduvi Mbweni wananiuzia wakiwa hai kwenye ndoo, nawabeba kwenye bodaboda na kipampu cha betri. Usiku nyumba ikitulia unamsikia kabisa akila: tk. Kimya. Tk.

Hela sitegemei kurudishiwa. Ila mwenye duka najua unapita humu. Jana nimechungulia dirishani, umeleta wengine wawili, na mmoja tumbo kubwa.

Kwa wengine, naomba msaada. Nani anapajua pa kupata uduvi hai wakati wa maji mafu, bahari isipokupwa sana, upande wa Mbezi au Tegeta? Bamvua linaisha Alhamisi na kwenye ndoo wamebaki wa siku mbili.