Naombeni ushauri: nimewafundisha siku mbili nzima, sasa hawakumbuki hata nusu

Mkufunzi wa Zamu
Habari zenu wakuu. Jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima, kwa hiyo naomba mawazo yenu. Wa kunisema aniseme, ila kwa staha.

Mimi ni mkufunzi wa ndani kwenye kiwanda cha kufungasha. Tuna wafanyakazi 34 katika zamu tatu. Niliwapa mafunzo ya siku mbili juu ya kuzima mashine kabla ya kuingiza mkono kutoa kitu kilichokwama. Hatua ni saba: waambie wenzako, simamisha mashine, kata umeme kwenye swichi kuu, funga kufuli lako lenye kibandiko cha jina lako, toa upepo uliobaki kwenye mabomba, jaribu kuwasha uone kama kweli imekufa, ndipo uguse.

Nilijiandaa vizuri. Slaidi zilikuwa safi, maswali waliuliza, na kwenye fomu za maoni walinisifu. Wiki tatu baadaye nikapita kuuliza mmoja mmoja. Katika 34, waliotaja zote saba ni 9. Wengi wanakwama ya nne.

Jumatatu naanza awamu ya pili. Kwa nini watu husahau haraka hivi, na safari hii nifundishe vipi ili yakae kichwani? Nawasilisha.

Mzee wa Karakana
Vijana wa sasa mwili uko darasani, akili iko kwenye simu. Sisi fundi alikuonyesha mara moja, ukirudia kosa anakunyang'anya spana. Nilijifunza kukaza boliti za silinda kwa mpangilio mwaka wangu wa kwanza kazini na mpaka leo mikono inajua yenyewe. Wabane. Mtu akijua hakuna madhara, hawezi kushika kitu.

Bi Daftari
Mzee wangu shikamoo. Umejijibu mwenyewe bila kukusudia: mikono yako inajua kwa sababu ulikaza boliti zile mamia ya mara. Kuonyeshwa mara moja peke yake kusingekufikisha popote.

Mleta uzi, kusahau si utovu wa nidhamu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aliporudi kuzijifunza upya baada ya siku moja, kazi aliyookoa ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya mwanzo. Zile zilikuwa silabi tupu, hatua zenye maana hudumu zaidi, kwa hiyo usichukue namba hiyo ukaibandika kwa watu wako. Lakini mwendo ni uleule: kinachopotea hupotea kwa kasi mwanzoni, kisha kasi inapungua. Sasa wewe uliwajaza siku mbili, halafu wiki tatu kimya.

Kijana wa Slaidi
Mbona jibu liko wazi, kaka? Watu hukumbuka asilimia 10 ya walichosoma, 20 ya walichosikia, na 90 ya walichofanya. Weka video, weka mashindano ya makundi, wape zawadi. Slaidi zenye maandishi mengi ndizo zinazoua.

Bi Daftari
Mwanangu, hizo asilimia zimezunguka miaka mingi, na hakuna utafiti nyuma yake uliozipima. Zilivyo kumi-kumi kamili tu zingekushtua. Kufanya kwa mikono ni muhimu, hilo tuko pamoja. Takwimu hizo ziache.

Dada wa Huduma ya Kwanza
Naongea kwa uzoefu. Ofisini kwetu mimi ndiye niliyefunzwa kushindilia kifua cha mtu ambaye moyo umesimama. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke angalau sentimita 5 lakini kisizidi 6. Nilipata cheti, nikakitundika ukutani. Miezi sita baadaye mkufunzi alirudi na mwanasesere wake akasema, "Haya, onyesha." Kasi nilikuwa naijua kwa kichwa. Mikono yangu ilikuwa inashuka sentimita tatu. Nililia, si kwa aibu, ila niliwaza kama angekuwa mama yangu pale sakafuni.

Tangu hapo mwanasesere anakaa karibu na mlango. Kila mwezi, kila mmoja wetu, dakika mbili. Hatuitani kwenye ukumbi wala hatusainishi fomu. Samahani nimetoka nje ya mada kidogo.

Swali Fupi
Hujatoka, dada. Mimi nina swali kwa mleta uzi. Mkufunzi hapangi tu awamu ya pili kwa haraka hivi. Nani ameiagiza iwe Jumatatu? Kuna nini hujatuambia?

Mkufunzi wa Zamu
Sikutaka kuliweka hapa kwa sababu bado linachunguzwa. Ijumaa iliyopita, wiki ya tano tangu mafunzo, kijana wetu wa zamu ya usiku aliumia vidole viwili. Boksi lilikwama chini ya mkono wa mashine. Akabonyeza kitufe chekundu, akakata umeme, akaingiza mkono. Upepo ulikuwa bado umo ndani, boksi lilipoachia, mkono wa mashine ukamshukia.

Kinachoniumiza ni hiki: kwenye mtihani wa mwisho wa mafunzo yale alipata 19 kati ya 20.

Uongozi umeagiza wote warudie. Siku mbili zilezile, mtihani uleule, na nimeshaandika barua kwamba atakayepata chini ya asilimia 80 anasimamishwa kazi. Najua mtasema ni kali. Lakini mimi ndiye niliyesaini kwamba wote wamefuzu. Lazima kuwe na uzito.

Swali Fupi
Mtihani ulifanyika lini, na walishika mashine wakati wa mafunzo?

Mkufunzi wa Zamu
Jioni ya siku ya pili, kwa karatasi. Mashine hawakushika, uzalishaji usingeruhusu kusimamisha. Lakini picha zilikuwa kubwa na zinaonekana vizuri, kila swichi nimeizungushia duara jekundu.

Bi Daftari
Basi ile 19 ilikuwa inapima saa chache za kukaa na slaidi zako. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala wasome. Wengine wakaisoma tena na tena, wengine wakafunika na kuandika walichokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wakipimwa baada ya wiki moja, walioandika kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Kinachokupa matokeo mazuri jioni ile kinaweza kukuacha mikono mitupu wiki ijayo. Nawe Jumatatu unataka kurudia kilekile, safari hii na barua juu yake?

Mzee wa Karakana
Hapa nimerudi nyuma. Fundi wangu hakunipa karatasi hata siku moja. Alisimama pembeni akaangalia mikono.

Fundi Upepo
Kama mtu wa mabomba ya upepo nataka kujua. Vali ya kutoa upepo iko wapi kwenye mashine hiyo? Geji, yaani kipimo cha kuonyesha upepo uliobaki, inaonekana ukiwa umesimama pale unapoingiza mkono? Na kufuli ziko wapi, kila mtu ana lake?

Mkufunzi wa Zamu
Vali iko nyuma, karibu na sakafu, lazima uchuchumae. Geji iko hukohuko nyuma. Kufuli ziko sita, zinakaa kwenye droo ya msimamizi wa zamu kwa sababu zilikuwa zinapotea. Lakini hili ni suala lingine, mimi nimeuliza kuhusu kumbukumbu.

Fundi Upepo
Mkuu, si suala lingine. Mtu yuko mbele ya mashine, sindano ya geji iko nyuma karibu na sakafu. Kufuli analofundishwa kufunga liko kwenye droo ya bosi. Hata akikumbuka ya nne, hana cha kuifanyia. Kitu ambacho hafanyi kila siku kitatoka kichwani tu. Usimlaumu ubongo kwa kazi ya droo.

Mchambuzi wa Nyuzi
Samahani, nitasema ambacho wengine mnakwepa. Hii ni chai. Akaunti imefunguliwa juzi. Halafu someni kwa makini: anasema aliwauliza watu wiki ya tatu akakuta 9 tu wanajua. Ajali ni wiki ya tano. Kwa hiyo alijua kwa wiki mbili kwamba watu 25 hawazijui hatua hizo na wanaendelea kuingiza mikono kwenye mashine? Hakuna mkufunzi wa hivyo. Ni hadithi ya kukusanya maoni.

Dada wa Huduma ya Kwanza
Mchambuzi, punguza. Mtu anaumia.

Kijana wa Slaidi
Hapana, hesabu iko sahihi. Hata mimi nataka jibu.

Mkufunzi wa Zamu
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani wenzangu wanaijua.

Kuhusu wiki mbili. Ndiyo, nilijua. Niliandika ripoti, nikaipeleka, nikajibiwa kwamba mafunzo ya marudio yako kwenye ratiba ya robo ijayo. Nikaona nimetimiza wajibu wangu. Nimekaa siku nzima nikitafuta namna ya kuliandika hili lionekane dogo, nimeshindwa. Kila zamu inapokabidhiana kuna dakika kumi ambazo watu wamesimama tu pale kwenye mashine, na mimi nipo. Sikuzitumia.

Jumapili nilikwenda kumwona yule kijana. Mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Kabla sijakaa akaanza kunisomea hatua zote saba kwa mpangilio, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alidhani nimekuja kumpima. Akasema, "Mkufunzi, nilizijua. Pale usiku niliona boksi tu."

Kama ni chai, basi acheni. Mimi siwezi kuamka nikakuta ni hadithi tu.

Bi Daftari
Pole, mwanangu. Hapo alipokuambia "niliona boksi tu" ndipo awamu yako ya pili inapoanzia. Kumbukumbu yake ilifungwa kwenye ukumbi na slaidi, ikahitajika kwenye mashine, usiku, akiwa na haraka. Ifunge mahali itakapoitwa.

Zile dakika kumi za kukabidhiana zamu, chukua tano. Mtu mmoja, mashine imezimwa, hana karatasi. Mwambie, "Boksi limekwama, onyesha." Wenzake wanaangalia, akikosea wanamwambia wao, si wewe. Usimtajie hatua inayofuata, mwache ahangaike kidogo, kule kuhangaika ndiko kunakoikaza. Yule yule umrudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi. Badilisha mashine, badilisha kilichokwama.

Na barua ile itoe. Mtu anayeogopa kusimamishwa hatakuambia kwamba hajui vali iko wapi.

Mzee wa Karakana
Naongezea moja. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka huko Marekani muda mfupi baada ya kupaa. Kifungio cha usukani kinachowekwa ndege ikiwa imeegeshwa hakikuondolewa. Rubani hakuwa mgeni wa kazi, alikuwa mzoefu sana. Baada ya hapo marubani wakaanza kutumia orodha ya kukagua. Kwa hiyo bandika kadi pale pale mkono unapoingia, si ukutani. Nililosema mwanzo kuhusu kuwabana, nalifuta.

Fundi Upepo
Na omba geji ya pili upande wa mbele. Ni kipande cha bomba, kiungio na geji yenyewe. Mpaka ifungwe, hatua ya tano wafanye wawili: mmoja nyuma anafungua vali, anasoma sindano kwa sauti, "sifuri", ndipo wa mbele anaendelea.

Mkufunzi wa Zamu
Barua imeshasainiwa, iko kwa ofisa utumishi, inatoka keshokutwa. Bado naamini kuwe na kiwango, nisidanganye. Lakini kesho asubuhi naingia kwa meneja kuomba ile aya ya kusimamishwa ifutwe, na badala ya mtihani wa karatasi kila mtu aonyeshe kwenye mashine. Nimeshaongea na msimamizi wa usiku. Droo amekubali ibaki wazi kuanzia leo, kufuli zitundikwe kwenye misumari ubavuni mwa mashine. Zingine 28 nimeziandikia ombi.

Mchambuzi wa Nyuzi
Sijui bado kama ni kweli. Kama ni kweli, usisubiri Jumatatu. Zamu ya usiku inaingia leo.

Mkufunzi wa Zamu
Niko njiani.