Wastani wa .466 wa Josh Gibson: rekodi halali au kapewa kwa huruma?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni, hii kitu nimebishana na jamaa yangu mpaka chai ikapoa nikaona niilete hapa. Mwezi wa tano 2024 ligi kuu ya besiboli Marekani, MLB, iliingiza takwimu za ligi za weusi za 1920 mpaka 1948 (enzi hizo MLB ilikuwa haipokei wachezaji weusi, wakawa na ligi zao) kwenye rekodi zake, sasa anayeongoza kwa wastani wa kupiga ndani ya msimu mmoja ni Josh Gibson wa Homestead Grays, .466 mwaka 1943. Kwa wasioufuata huu mchezo, ni kama kufanikiwa mara 466 kwenye 1000, siku hizi ukigusa 300 tu wewe ni staa. Aliyeshushwa ni Hugh Duffy, .440 ya 1894. Mimi nasema halali kabisa. Nyie je?

Jibu:
Siyo halali mkuu. Mechi za ligi za Grays zilikuwa chache mno kuliko 154 walizokuwa wanacheza MLB, na kwa mechi chache mtu akiwaka amewaka. Mcheki Ted Williams, staa wa MLB, 1941, siku ya mwisho kaamka ana .39955, ukikadiria tayari ni .400, kocha anamwambia ukitaka pumzika, jamaa kagoma kacheza mechi zote mbili pale Philadelphia kapiga 6 kati ya 8 kamaliza na .406. Huyo ndo mwanaume.

Mleta mada:
Nakuelewa ila 2020 ya korona walicheza mechi 60 tu, DJ LeMahieu kapiga .364 kapewa ubingwa wa wapigaji, mbona mlikaa kimya? Halafu msimu wa Gibson nani aliufupisha kama siyo haohao MLB waliowafungia weusi mlango? Grays walikuwa wanapanga Griffith Stadium ya Washington, uwanja wa Senators, timu ya MLB, yani kodi yao inapokelewa, wachezaji wao hawapokelewi. Siku zingine wako njiani mji hadi mji wanacheza kirafiki wapate hela ya kula, na hizo hazihesabiwi.

Jibu:
Hapo kwenye kirafiki umegusa penyewe. Kibao chake Cooperstown, kwenye jumba la magwiji wa besiboli, kinasema alitoa mpira nje ya uwanja karibu mara 800 ukijumlisha na mechi za nje ya ligi, rekodi rasmi za ligi hazifiki hata 200. Sasa huruma iko wapi hapo?

Jibu:
Mi niko katikati. Huyo Duffy mwenyewe, 1893 walimsogeza mrushaji nyuma, msimu uliofuata wapigaji wakala bata. Na Williams 1941 hakurushiwa mpira wa ligi na Satchel Paige, mrushaji hatari wa ligi za weusi, hata mmoja. Tena Williams alilijua hilo, 1966 anaingizwa Cooperstown akasimama akawataja Paige na Gibson kwamba nao wangestahili kuwepo. Gibson kaingizwa 1972, marehemu tayari, alifariki Januari 1947 ana miaka 35, hata miezi mitatu haikuisha Jackie Robinson, mweusi aliyefungua mlango wa MLB, akaingia uwanjani na Dodgers. Inauma hii.

Jibu:
Inauma sawa, ila hiyo .466 waiwekee alama pembeni kuonyesha siyo sawa na zingine.

Mleta mada:
Waweke, na ya Duffy waweke, na ya Williams.

Jibu:
Ya Williams kwa lipi tena?? Kacheza mechi 143 yule.