Programu ya wiki nne kuhusu jamii na utamaduni wa China: Beijing, Shanghai au Xi'an?

Msomi wa Mlimani:
Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nasoma sosholojia mwaka wa tatu jijini Dar es Salaam, na Kichina changu cha Taasisi ya Confucius kinatosha kusalimiana, kuagiza chakula na kuuliza njia. Mwezi Julai nina nafasi ya kwenda China kwa wiki nne, na nimebakiwa na programu tatu za kuchagua. Ya Beijing ina mihadhara ya historia na siasa asubuhi, na ziara mchana. Ya Shanghai inahusu familia, uhamiaji na maisha ya mjini, na kila mwanafunzi huandika ripoti ya uwandani. Ya Xi'an ina saa nyingi zaidi za lugha na ada yake ni nafuu. Ningependa kujua ni ipi itakayonikutanisha na watu wenyewe, si majengo tu.

Mkalimani:
Mimi ningekushauri Beijing, wala si kwa sababu ya Jumba la Kifalme ambalo kila mtalii huliona. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing kinafundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960, na ukifika pale utapata vijana wa Kichina wenye hamu ya kuzungumza nawe, jambo ambalo kwa mtu mwenye Kichina cha kuanzia lina thamani kubwa. Asubuhi nenda kwenye bustani ya Hekalu la Mbinguni, ambako wastaafu hucheza karata, huimba kwa pamoja na kurusha kidude chepesi chenye manyoya kwa miguu bila kukiacha kianguke. Ukisimama karibu kwa adabu, hukawii kukaribishwa.

Bint Pwani:
Nakubaliana na Mkalimani kuhusu bustani, ila kwa mwanafunzi wa sosholojia naona Shanghai inatangulia. Mwishoni mwa wiki, katika Bustani ya Watu iliyo katikati ya jiji, wazazi hupanga miavuli iliyofunguliwa chini, na juu ya kila mwavuli hubandika karatasi yenye sifa za mtoto wao ambaye hajaoa au hajaolewa: mwaka wa kuzaliwa, urefu, elimu, kipato, kama ana nyumba, na hukou yake ni ya wapi. Hicho kipengele cha mwisho ndicho cha kukitafakari. Hukou ni usajili wa kaya uliowekwa kisheria mwaka 1958, na hadi leo unagusa shule atakayosoma mtoto na huduma anazopata mtu aliyehamia mjini, kiasi kwamba mama anayemtafutia binti yake mchumba huuliza usajili huo sawa na anavyouliza mshahara. Ukikumbuka kwamba wengi wa vijana wanaotajwa kwenye karatasi hizo walizaliwa chini ya sera ya mtoto mmoja, utaelewa kwa nini wazazi wao wana wasiwasi kiasi hicho.

Msafiri wa Bara:
Dada Bint Pwani amesema kweli, lakini wazee wengi wa Shanghai huzungumza Kishanghai wao kwa wao, na hata mwenye Kichina sanifu kizuri huachwa nyuma. Xi'an isidharauliwe. Mbali na jeshi la udongo, yaani sanamu za askari wa kale, lililogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974, kuna mtaa wa Waislamu wa kabila la Hui, na Msikiti Mkuu wenye nyua zinazofuatana na mnara uliojengwa kama banda la Kichina. Anayetaka kuona jinsi dini iliyotoka nje ilivyopata sura ya wenyeji, hapo ndipo mahali pake.

Msomi wa Mlimani:
Nawashukuru sana. Je, viza na mawasiliano vikoje?

Mkalimani:
Kwa masomo yasiyozidi siku 180 huombwa viza ya X2, kwa barua ya udahili. Ukikaa nje ya hoteli, ni lazima usajiliwe polisi ndani ya saa 24, kwa hiyo uliza kama chuo kitakusaidia. WhatsApp na Google zimefungwa kule. Fungua akaunti ya WeChat mapema, na nyumbani nao wafungue.

Bint Pwani:
Kabla hujalipa chochote, mwandikie mratibu wa Shanghai umuulize mambo mawili: nani atakutafsiria wakati wa mahojiano, na mhadhiri gani ataisoma ripoti yako. Akikujibu kwamba hakuna mkalimani na ripoti haisahihishwi, basi kazi hiyo ya uwandani ipo kwenye tangazo tu, na hapo mimi mwenyewe ningekwenda Xi'an nikaongeze lugha.

Msomi wa Mlimani:
Nimeelewa, dada. Barua naiandika leo, na jibu lake nitaliweka hapa.