Sukari inapanda kila Alhamisi na chakula ni kilekile

Fundi_Kihonda

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, miaka 47, niligundulika na sukari 2019. Natumia metfomini asubuhi na jioni, na glibenklamaidi kidonge kimoja asubuhi. Mashine ya kupimia ninayo, ila vijiti navibania kwa sababu mnajua bei yake.

Namba zangu naziandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Juzi mteja kalifungua akakuta "14.2", akaniuliza hicho kiuno cha nani, cha mdoli? Tulicheka. Alipoondoka nikarudi nyuma kurasa kwa kurasa. Jumatatu 8.1. Jumanne 7.7. Alhamisi 13.8. Wiki iliyofuata Jumatano 8.4, Alhamisi hiyo 14.2.

Alhamisi ni siku ya kikundi. Mwaka jana nilimdhamini shoga yangu mkopo wa laki sita, akahama mji usiku usiku, simu haipatikani, na marejesho sasa nalipa mimi. Kikao ni saa kumi jioni lakini tumbo linaanza kunivuruga tangu Jumatano nikipanda kitandani. Chakula hakibadiliki, nawaapia. Asubuhi chai kavu na kiazi kitamu kimoja, mchana ugali wa kiasi, mchicha na dagaa.

Jambo la pili ndilo linanitisha zaidi. Kuna wakati natetemeka, jasho linanitoka, moyo unakimbia, hata uzi kwenye tundu la sindano hauingii. Kliniki walitufundisha kwamba hizo ni dalili za sukari kushuka, unywe kitu kitamu. Basi nakimbia duka la jirani, nachukua soda, namaliza chupa nzima. Mwezi uliopita kuna wiki nilifanya hivyo siku tatu. Siku moja nikapima saa moja baadaye: 17.6. Sasa ilishuka lini hiyo?

Daktari naogopa kumwambia. Mara ya mwisho hata sijakaa vizuri akaangalia karatasi akasema, "Mama, umekula nini wewe?" Mlango wazi, foleni yote inasikia.

Naombeni mnisaidie. Mawazo peke yake yanaweza kupandisha sukari? Na nitajuaje kama natetemeka kwa sukari au kwa deni?

Sindano_Mbili

Dada, hilo swali la mwisho limenimaliza.

Mimi natumia insulini tangu kidato cha pili, huu mwaka wa 14. Yanaweza, tena sana. Siku ya usaili wa kazi nilitoka nyumbani na 6.9, sikutia kitu mdomoni kwa hofu, nikatoka mle ndani na 13. Kazi yenyewe sikuipata.

Nikuongezee na langu. Niliwahi kuzimia usiku kwa sukari kushuka, nikiwa peke yangu geto. Baada ya hapo kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nalala na sukari juu makusudi, napunguza dozi ya jioni kwa uoga. Nilimdanganya daktari, nikaandika namba za uongo kwenye kadi. Kipimo kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu kikaniumbua. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako unayeficha.

Mizizi_na_Majani

Dada acha hivyo vidonge, ndivyo vinakuletea mtetemeko. Unga wa mlonge kijiko asubuhi na jioni, mwezi mmoja umesahau sukari. Nicheki inbox.

Nesi_Mstaafu_Tanga

Wewe wa mlonge, mlonge ni mboga nzuri, mimi mwenyewe naupika kwa nazi. Lakini kumwambia mtu aache dawa ya sukari ni kumtafutia kitanda wodini. Tafadhali.

Mwanangu fundi, nimesoma ulichoandika mara mbili. Hilo daftari lako limeshafanya nusu ya kazi, watu wengi wanakuja kliniki na namba bila siku.

Mtu akipata hofu mwili haujui kama ni deni au ni simba. Unamwaga adrenalini na kotisoli, na hizo zinaliamuru ini litoe sukari iliyokuwa akiba, upate nguvu ya kukimbia. Kwa asiye na kisukari, insulini yake inaituliza. Kwako wewe inabaki inazunguka kwenye damu, maana hukimbii popote, umekaa kwenye cherehani unamfikiria shoga yako. Usipolala usingizi mzuri Jumatano, hilo nalo linaongeza. Tena alfajiri ini la kila mtu hutoa sukari kidogo hata bila mawazo, kwa hiyo ukilinganisha siku, pima saa ileile.

Kutetemeka sasa. Adrenalini hiyohiyo ndiyo inayomwagwa sukari ikishuka, ndiyo maana dalili zinafanana na huwezi kuzitofautisha kwa kujisikiliza. Hata mimi niliyekaa wodini miaka 31 siwezi kwa kukuangalia tu. Kidole ndicho kinachojibu. Vijiti unavyovibania Jumatatu, vitumie kwenye mtetemeko.

Ikiwa chini ya 4, hiyo imeshuka kweli: sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Ikipanda, kula chakula. Usiruke chakula hapo, kwa sababu glibenklamaidi inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kuishusha tena. Chupa nzima ina zaidi ya gramu 30 za sukari, mara mbili ya unayohitaji. Ikisoma 9 au 12, weka soda chini, kaa, pumua taratibu, kunywa maji. Na siku huna kijiti kabisa, jihesabu imeshuka na unywe hiyo nusu, kwa sababu sukari ya chini inaua haraka kuliko ya juu.

Mtu akiishi na sukari juu kwa muda, mwili unazoea. Akirudi kwenye 6 anaweza kutetemeka kama aliyeshuka, na hapo huhitaji soda.

Niambie na dawa ya presha unatumia? Zipo kama atenololi zinazoficha mtetemeko na mapigo ya moyo, likabaki jasho tu.

Daktari mwambie yote, soda na deni. Ukishindwa kusema mpe daftari asome. Glibenklamaidi ni dawa ya kupangwa na milo, na yeye ndiye wa kuamua ibaki au ipungue. Mlango ukiwa wazi sema, "Naomba tufunge mlango." Ni haki yako. Na usingizi ukikukimbia wiki zinapita, hilo nalo litaje. Wasiwasi una matibabu, si udhaifu wa imani.

Baba_Zuhura_Kisauni

Mimi sina kisukari, anacho mke wangu. Nasema na ndugu wa wagonjwa. Kwetu ilikuwa kila akipandisha sauti twamuuliza, "Sukari imepanda?" Siku moja akanijibu, "Sukari iko saba. Nimekasirika kwa sababu umenikasirisha." Akaniwekea na mashine mezani nione.

Tangu siku hiyo nikimuona vibaya namuuliza tu ataka nini. Mara nyingi ataka nyumba inyamaze.

Fundi_Kihonda

Nimerudi baada ya wiki tano. Bibi nesi, shikamoo, na asante. Presha sina.

Nilifanya ulivyosema. Nimetetemeka mara sita, nikatoboa kidole mara sita. Mara tano nilikuta kati ya 8.9 na 12, hakuna kilichoshuka. Mara moja nikakuta 3.2, na siku hiyo nilikuwa na sare za harusi za watu 22, nimemeza kidonge asubuhi, mchana nikajisahau kabisa. Kwa kweli hiyo ya 3.2 na ile ya 11.4 nilizisikia sawasawa, hata jasho lilikuwa lilelile. Ningeapa ni kitu kimoja.

Kliniki nilimkuta daktari mwingine, msichana mdogo. Mlango alifunga mwenyewe. Nikampa daftari, akapotelea kwanza kwenye vipimo vya mabega. Kidonge cha asubuhi amekipunguza nusu, akasema nisikimeze mpaka nione chakula mezani. Kuhusu mawazo aliniuliza maswali mengi, nikalia, nimepewa tarehe nyingine ya kuongea na mtu.

Kikundini nilimwambia mwenyekiti ukweli, kwamba Alhamisi zinaniumiza. Deni halikufutwa, ila wamekubali nitume kwa simu Jumatatu, kwenye kikao niende nikipenda. Alhamisi iliyopita nilisoma 9.6. Jana 10.3, sijui kwa nini.

Shoga yangu bado hapatikani. Daftari la sukari nimenunua la peke yake. Yule mteja wa kiuno cha mdoli gauni lake limeshaisha, wiki ya pili hii hajaja kulichukua.