Mrejesho: kisu cha kukunja kilichokuwa kinashika kutu

Wakuu, niliuliza namna ya kuzuia kutu kwenye kisu cha kukunja ninachokatia vikonyo vya parachichi huku Tukuyu, ambako mvua haina likizo. Kimekubali.

Mkuu aliyesema nianzie kwenye pini, pale bapa linapojikunjia, alilenga penyewe. Nilikikunjua, nikasugua maungio kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Likatoka tope jeusi lililochanganyika na utomvu. Kilipokauka kabisa, nikatia tone moja tu la mafuta ya cherehani kila upande wa pini, fungua-funga mpaka yakaingia, yaliyozidi nikafuta. Sasa kinafunguka kwa kidole gumba. Ukizidisha mafuta unaalika vumbi.

Walioshauri mafuta ya alizeti, hapana kwa kweli: yakikaa yananata kama gundi. Kwenye bapa napaka Vaseline kiduchu isiyo na manukato, nafuta kabla ya kumenyea chungwa. Kifuko cha ngozi kinatunza unyevu, kwa hiyo usiku kisu kinalala nje yake.

Madoa ya kijivu yamebaki. Chuma cha kaboni ndivyo kilivyo, siyahangaikii. Ila komeo linaloshikilia bapa lisijikunje limeanza kulegea. Kuna anayemjua fundi Mbeya mjini?