Naomba ushauri: Datsun 240Z, kabureta na kutu

Hamjambo wanachama. Nina Datsun 240Z ya 1972 niliyoachiwa na mjomba wangu wa Kisumu. Sasa iko kwangu Nakuru. Ni aina ileile ambayo Shekhar Mehta alishinda nayo Safari Rally mwaka 1973, kwa hivyo nataka ibaki na asili yake.

Kule Kisumu ilinguruma vizuri. Huku juu, karibu mita 1,850, inanuka petroli, inatoa moshi mweusi, na plagi zote sita zinatoka na masizi makavu. Nadhani hewa ni nyepesi na kabureta zake mbili, zinazochanganya petroli na hewa, bado zinapima mafuta ya kule chini. Je, ili kupunguza mafuta, nikaze nati za chini ya kabureta zote kwa kiasi sawa, au nianze na sindano zilizo ndani yake? Fundi mmoja anataka tung'oe injini tuweke ya kisasa. Hilo sikubali kabisa.

Halafu chini ya betri bati limeliwa na kutu. Ukisukuma bisibisi inapita. Nikate nichomelee bati jipya, ama kuna dawa inayodumu? Kama mnamjua fundi wa bodi Nakuru au Eldoret anayechomelea bati jembamba bila kulipinda, nielekezeni tafadhali.